Magofu Yenye Wenyewe: Jaribio la Kuainisha Matembezi ya Uvira

Matembezi ya kihistoria, yale ya kuongozwa kwa miguu, yana viungo vinne, na wanazuoni wa fani hii (yaani kila mtu aliyewahi kulipia) hawabishani juu ya hilo: kiongozi anayetangulia na mwavuli uliokunjwa, kundi linalomfuata likiulizia choo, mtaa ambamo watu fulani walifungiwa zamani, na gofu. Kikikosekana kimoja, hayo si matembezi tena, ni kwenda sokoni.

Mfano unaotolewa sana ni wa Roma. Mwaka 1555 Papa Paulo wa Nne aliamuru Wayahudi wa mji ule wakae ndani ya mtaa mmoja wenye ukuta na malango ya kufungwa usiku, kando ya mto Tiber, ambao ulikuwa na desturi ya kuwaingilia nyumbani kila ulipofurika. Mtaa huo uliegemea magofu ya Ukumbi wa Octavia, jengo la zama za Kaisari Augusto, kwa hiyo mgeni wa leo anapata gofu na mtaa kwa tiketi moja. Humo gofuni palikuwa soko la samaki kwa karne nyingi, na ukutani liliwekwa bamba la marumaru lenye amri ya Kilatini: samaki anayelizidi bamba hilo kwa urefu, kichwa chake mpaka pezi la kwanza ni haki ya wakuu wa mji. Mtu wa Uvira akisikia habari hiyo haoni ugeni wowote, ila anashangaa kwamba wakuu waliridhika na kichwa.

Swali letu basi ni jepesi: je, viungo hivi vinne vinapatikana Uvira, upande wa Kongo, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika? Samaki tunao. Mto unaoingia nyumbani bila hodi tunao, tena zaidi ya mmoja. Yaliyobaki yanataka utafiti.

Tuanze na mtaa, maana hapo ndipo wengi hukwama. Wayahudi Kongo iliwahi kuwa nao, na wengi walitoka kisiwa kimoja, Rhodes, wakaja kufanya biashara Katanga. Sinagogi lao la Lubumbashi, wakati huo Élisabethville, lilijengwa karibu na mwaka 1930, na rabi Moïse Lévy alilihudumia kuanzia 1937 kwa zaidi ya nusu karne. Ndugu zao waliobaki kisiwani walikamatwa na Wajerumani mwezi Julai 1944 wakapelekwa Auschwitz. Duka la vitambaa la Katanga likawa limemwokoa mwenye duka, kazi ambayo hakuwahi kulifungulia. Ila hayo ni ya Lubumbashi. Mtafiti wa Uvira hana ruhusa ya kumwazima jirani kumbukumbu zake.

Jirani wa karibu zaidi ni Bujumbura, ng'ambo ya mto Ruzizi. Huko Wabelgiji waliwahamisha Waswahili wa mji, Waislamu ambao chimbuko lao ni misafara ya biashara ya Ujiji na pwani, wakawapanga Buyenzi kwenye avenyu zilizonyooka na kupewa namba. Roma walitumia ukuta, Mbelgiji akatumia rula. Mtaa huo ungefaa sana kwa fani yetu isipokuwa kwa kasoro moja, kwamba umejaa mafundi magari, na anayeingia humo akiinua macho kutazama historia huulizwa mara moja gari lake lina shida gani.

Uvira yenyewe inaleta tatizo la nadharia. Mji ni ukanda mwembamba: magharibi milima ya Mitumba imeshuka mpaka karibu na barabara, mashariki ziwa, kaskazini mpaka wa Kavimvira wenye saa zake za kufungwa, kusini bandari ya Kalundu na njia ya kwenda Makobola. Ukitafuta mtaa uliofungiwa ndani ya mji huu hutaupata, kwa sababu hapa aliyefungiwa ni mji mzima. Wafuliiru, Wavira, Wabembe, Warundi, Wanyamulenge, Washi waliokuja kibiashara, wote wamo humo kati ya mlima na maji wakijadiliana nani alitangulia. Napendekeza tuhesabu kiungo hiki kuwa kimetimia kupita kiasi.

Sasa magofu. Wataalamu wa nchi nyingine huyapanga kwa umri, njia inayofaa pale ambapo gofu hukubali kukaa mahali pamoja. Uvira inabidi kuyapanga kwa kumtazama aliyeyafanya magofu.

Jamii ya kwanza ni magofu ya mdomo, ambayo hayana tofali hata moja. Lililo kuu ni la tarehe 26 Aprili 1858, siku Richard Burton na John Speke walipofika Uvira kwa mitumbwi ya Kannena wa Ujiji, wakiutafuta mto wa kaskazini mwa ziwa kwa tumaini kwamba unatoka humo kwenda kuwa Nile. Burton alikuwa na vidonda vya ulimi vilivyomfanya ashindwe kusema sawasawa. Speke alikuwa kiziwi wa sikio moja tangu mdudu alipomwingia usiku, naye akamfuata kwa kisu kidogo. Kundi la kwanza la watalii katika historia ya mji wetu, basi, lilikuwa na mmoja asiyeweza kuuliza na mwenzake asiyeweza kusikia jibu. Jibu lilitolewa hata hivyo. Wana wa mtawala wa pale waliwaambia kuwa Ruzizi haitoki ziwani, inaingia. Sidhani kama kuna mwongozaji wa Uvira aliyewahi tena kusema neno la kweli kwa ufupi namna ile, na kama ilivyo kawaida ya fani, wageni walinuna. Ilibidi ipite miaka 13 na waje Wazungu wengine wawili, Livingstone na Stanley, Novemba 1871, kwenda mpaka mdomoni mwa mto kuhakikisha kwamba vijana wale walikuwa wanaujua mto wa kwao.

Ukiuliza walitua wapi, utaonyeshwa ufukwe. Hapo elimu inabidi iingilie kati. Ziwa lile halikuwa hili. Mlango wake wa kutokea, Lukuga, kule Kalemie ya leo, ulikuwa umeziba, na maji yalikuwa yakipanda mwaka hadi mwaka mpaka yalipouvunja mzibo karibu na 1878. Kisha yakashuka takriban mita 10 kwa miaka kama 15. Watu wa Ujiji wanalijua hili kwa miguu yao: mahali pa mwembe wa Livingstone, palipokuwa jirani na maji, leo ni mwendo mpaka kuyafikia. Kwa hiyo mwongozaji anayekusimamisha mchangani, mawimbi yakikulowesha viatu, na kusema Burton alitua hapa, anakuonyesha mahali ambapo kuna uwezekano mkubwa kwamba Burton alipita juu akiwa ndani ya mtumbwi. Ufukwe wa 1858 utafutwe juu zaidi, labda kwenye shamba la mihogo la mtu.

Katika jamii hii zimo pia ngome za watu wa Rumaliza, yaani Muhammad bin Khalfan wa Ujiji, aliyeishika biashara ya pembe na watumwa kaskazini mwa ziwa mpaka Wabelgiji walipomshinda 1894. Zinaonyeshwa kwa kidevu. Gofu la mdomo siku zote huonyeshwa kwa kidevu, kwani kidole kingelazimisha usahihi.

Jamii ya pili ni magofu ya mto, na hapa mtafiti asiwe na haraka. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 mvua ilipiga milimani, Mulongwe ikashuka na mawe, na kufika asubuhi maelfu ya nyumba zilikuwa hazipo, na watu kwa makumi wamekufa. Mito mingine ya mji, Kalimabenge na Kavimvira, ina tabia hiyohiyo kwa viwango mbalimbali. Gofu la mto lina sifa ambayo sijaisoma popote: hujileta na vifaa vyake vya ujenzi. Nenda ukingoni mwa Mulongwe asubuhi ya kawaida. Mama ameketi juu ya kidumu kilichokatwa, nyundo mkono wa kulia. Wa kushoto ameshika mpira wa tairi uliopindwa duara, na jiwe limo ndani ya duara hilo ili vipande visimrukie machoni. Anapiga mara tatu, anamwaga, anaweka jingine. Pembeni yake rundo la kokoto limesawazishwa juu, tayari kwa mnunuzi. Jiwe lile lilitoka mlimani, likapitia ukuta wa nyuma wa nyumba ya mtu, likatokea ukuta wa mbele, na sasa linauzwa kwa ndoo kwenda kwenye msingi wa nyumba mpya, ambayo mara nyingi iko mahali palepale. Mwakiolojia wa Roma angepiga kambi hapa na kukataza watu kugusa kitu. Mama naye angemuuliza atanunua ndoo ngapi.

Jamii ya tatu, magofu ya ziwa, hufanya kazi polepole. Maji ya Tanganyika yalipanda sana kuanzia 2020, na mwaka 2024 yakarudi tena juu, yakakaa Kavimvira, na Gatumba upande wa Burundi, kwa miezi. Ziwa halibomoi kwa kishindo. Linaingia sebuleni, linakaa, tofali za udongo zinalainika, na ukuta unapiga magoti. Yakirudi nyuma huacha mstari wa kijani ukutani, umenyooka kuliko kazi ya fundi yeyote wa rangi. Kinachobaki cha sakafu ya saruji hakikai bure hata wiki moja, maana hakuna mahali pazuri zaidi pa kuanikia ndagala. Mgeni huona msingi wa nyumba uliozama. Mwenyeji huona meko, kitanda cha wazazi, mahali redio ilipokaa, na juu yake samaki wadogo wanaong'aa ambao inabidi wafukuziwe kunguru.

Jamii ya nne ni magofu ya vita. Ndiyo kubwa kuliko zote, nami nitaipita upesi kama wanavyoipita waongozaji wenyewe. Waasi wa Simba waliingia mji tarehe 15 Mei 1964. Oktoba 1996 vita nyingine ikaanzia hukuhuku kabla ya kufika Kinshasa. Na orodha haikuishia hapo. Kwenye ukuta wenye matundu mwongozaji hapunguzi mwendo wala haongezi. Anazungumzia bei ya mukeke, samaki wa ziwa hili. Mwenye adabu ya fani humjibu kuhusu mukeke. Niongeze tu kwamba upande wa Fizi, pale Kibamba, ndipo Che Guevara alipovuka kutoka Kigoma tarehe 24 Aprili 1965 na kukaa na wapiganaji hadi Novemba, na kwamba yeye ndiye mtangulizi wetu katika uainishaji: aliwapa watu wake majina ya namba za Kiswahili, msaidizi wake Dreke akawa Moja, mwenzake Mbili, na kamanda mwenyewe, kwa unyenyekevu wa kijeshi, Tatu.

Ya tano ni magofu ya mali. Kiwanda cha sukari cha Kiliba, kaskazini mwa mji kwenye uwanda wa Ruzizi, kilisimama mwaka 1996 vita ilipoingia. Ukubwa wake unazidi magofu mengi ya Ulaya yanayotozwa kiingilio, na kina jambo ambalo Ukumbi wa Octavia hauwezi kudai: wapo watu walio hai waliofanya kazi humo, wanaokumbuka saa za king'ora na nani alikuwa bosi wa zamu. Gofu la mali hujulikana kwa namna linavyozungumziwa, kwa wakati ujao. Roma hakuna anayekuambia kwamba mwakani ukumbi utafunguliwa.

Limebaki jiwe ambalo limenisumbua, kwa sababu halikubali kuingia jamii yoyote. Liko Mugere, kusini mwa Bujumbura, kando ya ziwa, nalo ni zima kabisa, kubwa, limechongwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25-XI-1871. Jiwe linasema kweli: siku hiyo walifika hapo na kulala, wakiwa wageni wa mtawala wa kule. Maelezo ya watu waliosimama kando yake ndiyo yaliyobomoka, kwani wengi hukuapia kwamba hapo ndipo wawili hao walipokutana kwa mara ya kwanza. Walikuwa wameshakutana Ujiji wiki kadhaa nyuma. Nimelazimika kulifungulia jamii yake peke yake, gofu la maelezo, ambamo kitu ni kizima na habari zake ndizo zilizoanguka. Roma wana jiwe la kupimia samaki. Sisi tuna la kupimia waongozaji.

Na tuwapime. Mwongozaji wa Uvira hana mwavuli wala beji, na huainishwa kwa anachokifanya ukimuuliza swali asilolijua. Mwenye Tarehe, kwa kawaida mwalimu mstaafu, hukupa tarehe nyingine anayoijua, pamoja na siku ya wiki na hali ya hewa, na yeye mwenyewe alikuwa darasa la ngapi. Mwenye Ukoo hukurudisha kwa babu yake. Burton alikula kwao. Rumaliza alitaka kuoa kwao, wakakataa. Ukitaja Kaisari Augusto, ngoja kidogo, akumbuke. Motari, yaani dereva wa pikipiki ya abiria, naye anaona kutembea kwa miguu ni msiba uliokupata njiani na hawezi kuelewa kwa nini unaulipia. Yeye hutembeza magofu yote kwa robo saa, akiyataja juu ya bega huku upepo ukichukua nusu ya maneno, na kwa usahihi hapitwi sana na wenzake.

Aliye muhimu kuliko wote, hata hivyo, si mwongozaji. Ni yule Mkanushaji, ambaye hakualikwa. Anatokea nyuma ya kundi, aghalabu ameshika kitu kinachoonyesha alikuwa na shughuli nyingine, ndoo au mche wa sabuni, anasikiliza akiwa ameinamisha kichwa, halafu: "Papa, haiko pale. Iko kule chini." Kuanzia hapo matembezi yana sehemu mbili. Mwenye Tarehe anataja mwaka. Mkanushaji anataja mti. Mwenye Tarehe anasema mti huo ulipandwa na Mbelgiji. Mkanushaji anasema Mbelgiji yupi, na anamwita mama fulani mzee atoke nje aseme. Mama anatoka, anasikiliza pande zote mbili, na kutoa hoja ya tatu ambayo inawafanya wote wawili wawe wameelekea upande usio wenyewe. Nimetembezwa katika miji yenye vipaza sauti vya masikioni, ambapo kila mtalii husikia sauti moja laini iliyorekodiwa studio, na naweza kusema bila kusita kwamba sauti ile haijawahi kukanushwa na mtu mwenye ndoo, na ndiyo sababu siikumbuki.

Kutokana na haya inapatikana kanuni ambayo mwendo wa matembezi yote ya mji huu huitii. Nyumba ya Roma iliyoanguka ina tiketi. Ya Uvira ina mtu. Robo tatu ya nyumba kule Mulongwe ni nyumba, na robo iliyokwenda na mto bado ina mwenyewe anayeitaja kwa jina la mtoto aliyekuwa akilala humo. Kwa hiyo gofuni hupigwa hodi. Ukipiga hodi utakaribishwa, ukikaribishwa kitatafutwa kiti, na kwa kuwa viti ni viwili na nyinyi ni watano, mtoto atatumwa kwa jirani, na jirani atakuja na kiti chake ili ajue kinaendea nini. Mtaalamu aliyezoea kupima mwendo kwa kilomita hapa atapotea. Uvira hupimwa kwa viti. Kutoka Mulongwe hadi Kavimvira ni viti vingi, na anayefika kabla ya jua kuzama hakusalimia watu.

Suala la malipo limepuuzwa katika maandiko ya fani, pengine kwa sababu waandishi wake hulipiwa. Mwongozaji wa Uvira hataji bei. "Utaona wewe mwenyewe, papa," ndiyo bei, nayo ni ya juu kuliko bei yoyote iliyoandikwa. Sarafu zinazokubalika ni tatu, faranga za Kongo, pesa za Burundi ambazo tunaziita Marundi, na dola. Mkanushaji naye hulipwa, kwa kuwa alifanya kazi, na mama aliyetoka nje huachiwa ya sukari. Hapo ndipo nilipotoa noti ya dola kumi iliyokuwa na mpasuko pembeni, mdogo, kama upana wa kucha. Mtu yuleyule aliyekuwa ametoka kunionyesha kwa fahari kiwanda kilichosimama 1996, nyumba isiyo na ukuta wa nyuma na ufukwe ulioko shambani kwa watu, aliiinua noti kwenye jua, akaigeuza, akapitisha kidole kwenye mpasuko, akanirudishia.

"Papa, hii imeharibika. Haipiti."